Mbona shamba lililokuwa msitu linachoka baada ya misimu minne tu?

*"Habari daktari. Shamba letu liko Shinyalu, si mbali na msitu wa Kakamega. Kuna kipande cha kama nusu eka huko chini kuelekea chemchemi, tangu nizaliwe kilikuwa na miti ya kienyeji na hakuna mtu alikuwa anakilima. Baba alipofariki tuligawana na hicho kikanijia mimi. Tulifyeka, tukachoma, tukapanda mahindi na maharagwe. Msimu wa kwanza nilivuna mpaka majirani wakauliza natumia fatilaiza gani. Wa pili ikashuka. Sasa huu wa nne mahindi yamefika magotini yakasimama, majani yamegeuka zambarau, na kayongo, lile gugu la striga, imeanza kutoa maua. Fatilaiza ya DAP nimeweka kama kawaida. Mama anasema tuligusa mahali ambapo wazee walikataza. Jirani anasema nipande blugamu (mikaratusi) pote, ati italeta mvua na msitu utarudi. Mimi shuleni nilifundishwa kwamba msitu wa mvua ndio uko na udongo wenye rutuba kuliko wote, sasa hiyo rutuba imeenda wapi? Na nikiacha hicho kipande, kitarudi kuwa msitu nikiwa hai? Chemchemi nayo imepungua."*

Asante sana kwa kuuliza na kwa kueleza bila kuficha, manake umenipa karibu kila kitu ninachohitaji, rangi ya majani, kayongo, historia ya hicho kipande, hata chemchemi. Na pole kwa kumpoteza mzee. Umeuliza mambo kama manne hivi lakini yote yanatoka mahali pamoja, kwa hivyo wacha nianze na hiyo rutuba, ukishaielewa hayo mengine yatakuwa rahisi, hata la blugamu.

Hilo la shuleni wengi wetu tulifundishwa, na ukiangalia kwa macho linaonekana kweli kabisa, mtu akisimama Isecheno, ndani ya msitu wa Kakamega, chini ya mti ambao watu watatu wakishikana mikono hawaumalizi, atasema nini zaidi ya kwamba udongo wa hapa ni mtamu? Lakini mti mkubwa hauonyeshi udongo tajiri. Brazil walipoanza kukata ile barabara ndefu ya kupita Amazon mwaka 1970, serikali ilipeleka familia huko zikalime kandokando yake, watu wakafyeka, wakachoma, wakavuna vizuri misimu michache, halafu mavuno yakaanguka vile yako yameanguka, na wengi wakahama wakaacha nyasi tu. Kwa hivyo usijilaumu kupita kiasi, hata serikali yenye wataalamu wake iliingia shimo hilo hilo.

Sababu ni umri na mvua. Udongo ulio chini ya misitu ya mvua mara nyingi ni mzee sana. Mawe yaliyo chini yenu, haya haya watu wanachimba dhahabu huko Ikolomani na Rosterman, yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Sio kama upande wa Nakuru ambako Menengai na volkano zingine zimemwaga jivu jipya juu ya ardhi, yetu imekaa ikavunjika ikanyeshewa, ikavunjika ikanyeshewa. Kakamega inapata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hiyo mvua ikishuka ndani ya udongo inaondoka na kila kinachoyeyuka, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, inavipeleka kwenye mito ya Isiukhu na Yala na mwishowe Ziwa Victoria. Kinachobaki ni udongo mwekundu wenye asidi uliojaa chuma na alumini. Hiyo rangi nyekundu ndiyo chuma yenyewe. Na chuma na alumini ziko na tabia moja mbaya kwa mkulima, zinakamata fosforasi zinaikumbatia hazitaki kuiachilia, mpaka unaweza kuwa na fosforasi kwa udongo na mahindi yafe njaa juu yake.

Sitaki pia kukutisha, Kakamega si Amazon, kuna sehemu nyingi udongo wetu una kina na nguvu kuliko wa kule. Lakini njia ya kuchoka ni ile ile.

Sasa kama udongo ni maskini, ile miti inakula nini? Fikiria chama cha kina mama ambacho hakina akaunti benki wala sanduku, kila shilingi iko mkononi mwa mwanachama fulani, leo iko kwa huyu, kesho imeenda kwa yule, haipumziki. Ukiangalia biashara zao utasema hawa wana pesa nyingi, na kweli wanazo, lakini ukienda kutafuta mahali zimewekwa hukuti kitu. Msitu wa mvua ni hivyo. Rutuba haijalala kwa udongo, iko ndani ya shina, matawi, majani, wadudu, kuvu na mizizi, na inazunguka haraka sana. Hapo kwako ulipofyeka uliwafukuza wanachama wote siku moja.

Siku ukipita msituni fanya hivi, uone mwenyewe. Chuchumaa mahali penye majani mengi, ondoa yale ya juu kabisa, hayo ni makavu na mazima, unaweza kuyataja ni ya mti gani. Chini yake kuna majani yamekuwa meusi, yamelowa, yametobolewa na jongoo na wadudu mpaka yamebaki mishipa tu kama wavu, na kati yao unaona nyuzi nyeupe nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Hizo ni kuvu. Ukiendelea unafika kwa udongo mweusi laini, umejaa vizizi vidogo vidogo hata ukitaka kushika udongo peke yake huwezi. Halafu endelea kuchimba kidogo tu, na huo weusi unaanza kupotea unakutana na ule udongo mwekundu unaoujua. Hiyo safu nyembamba ya juu ndiyo jikoni kwa msitu. Jani likianguka hapo kwa joto na unyevu wetu halimalizi mwaka likiwa jani, mchwa na jongoo wanalikata, kuvu na bakteria wanalimaliza, na chakula kikitoka tu mizizi iko hapo hapo inakinyakua kabla mvua haijakibeba. Miti karibu yote ya msitu inasaidiwa na kuvu wanaoishi ndani ya mizizi yake, wanatandaza nyuzi zao mbali kuliko mzizi ungefika, wanaleta fosforasi kidogo kidogo, na mti unawalipa kwa sukari.

Kinachopotea huwa kinarudishwa polepole sana, kutoka kwa mawe yanayovunjika na kutoka hewani. Kuna jambo huwa linanigusa sana: Amazon inapata sehemu ya fosforasi yake kutoka Afrika, vumbi la Sahara linapeperushwa juu ya bahari ya Atlantiki, na wanasayansi waliopima kwa satelaiti walikadiria mwaka 2015 kwamba vumbi hilo linapeleka huko karibu tani 22,000 za fosforasi kila mwaka, kiasi kinachokaribia kile ambacho mvua na mito inaondoa. Msitu wote ule, unahesabu vumbi. Ndio ujue hakuna ziada iliyofichwa mahali.

Basi turudi kwa mahindi yako. Mlipochoma, naitrojeni nyingi na salfa zilipaa na moshi, lakini jivu likabaki na potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na fosforasi kiasi, na jivu likapunguza asidi ya udongo pia. Yaani yale mahindi yaliyowashangaza majirani yalikula akiba ya miti ya miaka mingi katika msimu mmoja. Halafu mvua ikaosha jivu, jua likapiga udongo ulio wazi, jembe likaufungua, ule weusi wa juu ukaoza haraka kuliko zamani na hakuna jani jipya lililoanguka kuujaza. Na kila gunia ulilobeba kwenda nyumbani liliondoka na sehemu yake. Kufikia msimu wa nne umebaki na udongo mwekundu peke yake, na huo hauna kosa, ndivyo ulivyokuwa siku zote huko chini, tofauti ni kwamba sasa hakuna kitu juu yake.

Rangi ya zambarau kwa majani ya mahindi machanga, hasa yale ya chini kuanzia pembeni, mara nyingi ni njaa ya fosforasi. Nasema mara nyingi kwa sababu baridi, maji kusimama kwa mizizi, na hata aina nyingine za mbegu zinaweza kuleta rangi hiyo. Utauliza, si DAP iko na fosforasi? Iko nayo, nyingi, lakini kwenye udongo wenye asidi kali sehemu kubwa inakamatwa na ile chuma na alumini kabla mahindi hayajaipata. Tena DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka peke yake inaongeza asidi, kwa hivyo unaweza kujikuta unaweka nyingi zaidi na unapata kidogo zaidi. Ukiniuliza mimi, kuongeza mfuko mwingine wa DAP kabla ya kupima udongo ni kutupa pesa.

Kayongo nayo ni ya haraka, kabla hata hujamaliza kusoma. Kama imeanza kutoa maua ing'oe sasa, usisubiri mavuno, mmea mmoja unatoa maelfu na maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi na zinaweza kukaa kwa udongo zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa mahindi upite karibu. Iliyo na maua ibebe nje ya shamba uichome au uizike shimoni, usiiache kwa mistari. Na ujue inakunyonya kabla haijatokea juu, inashika mzizi huko chini kwanza, ndio maana mahindi yalidumaa mapema hukuona adui. Kayongo inapenda udongo uliochoka, kwa hivyo si ajabu imekuja sasa na haikuwepo msimu wa kwanza.

Kuhusu mama. Usimkatalie haraka. Sina la kusema juu ya laana, hiyo ni yenu na wazee wenu, lakini wazee waliokataza watu kufyeka karibu na chemchemi, na waliosema mti wa mukumu haukatwi ovyo, walikuwa wanalinda kitu cha kweli. Walikuwa wameona maji yakipotea mahali pengine. Mimi nikipita vijijini bado naona chemchemi nzuri ziko pale ambapo mtu fulani alikataa miti ikatwe, na mara nyingi ni mama mzee.

Sasa blugamu na mvua. Mvua ya kwenu kwa sehemu kubwa inaletwa na ziwa, hewa yenye unyevu inapanda kutoka Victoria mchana, inakutana na upepo wa kutoka mashariki na miinuko ya Nandi, mawingu yanajaa, na saa tisa saa kumi ngurumo inaanza. Msitu unachangia, kwa sababu miti inafyonza maji na kuyarudisha hewani kupitia majani, na msitu wote wa Kakamega pamoja na wa Nandi una uzito wake katika hilo. Lakini nusu eka ya mti wowote haiwezi kukuletea wingu, anayekuambia hivyo anakosea hata kama nia yake ni nzuri.

Ambacho nusu eka inaweza kufanya, na hapa ndipo chemchemi yako inaingia, ni kuamua mvua ikishafika iende wapi. Kwenye miti tone linagonga majani ya juu, linadondoka kwa majani ya chini, linafika kwa ule mkeka wa majani makavu limeshapoteza nguvu, na udongo ulio chini umejaa matundu ya mizizi na wadudu kwa hivyo maji yanazama, yanatembea polepole chini kwa chini, na mengine yanakuja kutokea kwa chemchemi wakati wa kiangazi. Ukitoa hiyo yote, tone linapiga udongo mtupu, vumbi laini linaziba matundu, ngozi ngumu inajifunga juu, na maji yanakimbia mteremko yakiwa mekundu. Yamepita, hayatarudi Januari. Chemchemi inaweza kupungua kwa sababu nyingine pia, kiangazi kirefu, majirani wa juu yako kufyeka ama kupanda miti inayokunywa sana, lakini kufyeka kipande kilichoiangalia moja kwa moja huenda kumechangia.

Na blugamu ndiyo mti wa mwisho ambao ningeweka hapo. Ililetwa nchini kutoka Australia mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa ajili ya kuni za treni, ilichaguliwa kwa sababu inakua mbio, na mti hauwezi kukua mbio bila kunywa. Ukiipanda karibu karibu juu ya chemchemi unaalika pampu. Chini yake, ikiwa changa na imesongamana, utaona karibu hakuna kitu kinachoota, na majani yake hayaozi upesi kama ya mti wa kienyeji kama musutsu. Hata hivyo sitaki kuitukana, familia nyingi huku zimesomesha watoto kwa posti za blugamu, na kila mzigo wa kuni unaotoka shambani ni mzigo ambao haujatoka msituni. Kama uko na kona kavu huko juu, mbali na maji na mbali na mpaka wa jirani, panda hapo mistari yako uuze posti. Kuhusu kwamba msitu utarudi chini yake, ni kweli miti ya kienyeji inaweza kuingia polepole chini ya miti iliyopandwa ikiwa msitu uko karibu na hakuna anayekata wala kulisha hapo miaka mingi, lakini nani anapanda blugamu halafu asikate?

Swali lako la mwisho ndilo nimelipenda zaidi, kama kipande kitarudi ukiwa hai.

Uko na bahati mbili. Ya kwanza, umelima misimu minne tu, sio miaka arobaini, kwa hivyo inawezekana baadhi ya visiki na mizizi bado viko hai na mbegu za miti inayopenda jua bado zimelala kwa udongo. Ya pili ni kubwa zaidi, msitu wenyewe uko karibu. Mbegu za miti mingi mikubwa ya msitu hazijui kulala, zikianguka zinaota ama zinakufa, kwa hivyo lazima mtu azilete kila mwaka, na wanaozileta ni ndege, nyani wa aina aina na popo. Hondohondo, turako mkubwa wa buluu na kima, hao ndio wapanzi. Hondohondo anaweza kumeza tunda huku na kuangusha mbegu mbali sana kule. Lakini hawatui mahali patupu. Wanahitaji tawi la kutua na kitu cha kula.

Ndiyo maana ukiona mapera yameota yenyewe hapo, usiyakate. Watu wengi huyaona kama kichaka cha aibu, na kweli mpera si mti wa huku, ulitoka Amerika. Lakini watafiti waliohesabu miche chini ya mapera kwenye mashamba yanayozunguka msitu wa Kakamega walikuta miche ya miti ya msituni inaota hapo, kwa sababu ndege wanafuata mapera, wanakaa, wanaacha mbegu za walichokula msituni, na kivuli kinazuia nyasi. Kwa hivyo mpera mmoja katikati ya nyasi unaweza kufanya kazi ambayo wewe na nasari mngefanya kwa jasho. Nyasi ndefu ndizo adui mkubwa wa kwanza, zikifunga na kuwaka moto kila kiangazi, kipande kinaweza kubaki nyasi tu miaka na miaka.

Watakaokuja kwanza ni wale wa haraka wanaopenda jua, musutsu, lusiola, mutere na wenzao. Wakishafunga kivuli, hali ya hewa chini inabadilika, panakuwa na ubaridi na unyevu, majani yanaanguka, na hapo ndipo wale wa polepole wanaovumilia giza wanaweza kuanza. Ukiangalia ndani ya msitu mzima, mwanga unaofika chini ni kama asilimia 1 au 2 tu ya ule wa juu, na mche wa mti mkubwa unaweza kukaa miaka hapo ukiwa na majani manne matano, ukingoja mti mzee uanguke ufungue dirisha la jua. Ukiupanda huo kwenye jua kali leo utakauka tu, usidhani ni mkono wako mbaya.

Miaka mingapi? Utafiti mkubwa uliochapishwa 2021 uliangalia misitu iliyojiotea kwenye mashamba yaliyoachwa, nchi za Amerika ya Kati na Kusini na Afrika Magharibi, na waliona udongo unarudi mwanzo kabisa, kwa kawaida chini ya miaka 10 tu, umbo la msitu linachukua kati ya 25 na 60, lakini uzito wote wa miti na mchanganyiko kamili wa aina zake unaweza kupita miaka 120. Si Kakamega, lakini ni picha inayoaminika. Kwa lugha ya nyumbani, hicho kipande ukikilinda watoto wako watacheza kwenye kivuli wakiwa bado wadogo, utaona ndege wa msituni wakipita humo, kuna uwezekano mzuri chemchemi ikapata nafuu, lakini ule msitu baba yako aliuacha hutauona ukiwa kamili. Wajukuu wa wajukuu labda. Najua hilo ni zito kusoma, nimeona ni heri ulijue.

Sasa ufanyeje. Uko na nusu eka na watu wa kulisha, siwezi kukaa hapa nikuambie uachilie yote, hiyo ni rahisi kwa mtu asiyekula kutoka hapo. Mimi ningekigawa. Nusu ya chini, ile inayoshikana na chemchemi, ningeiachia miti. Usichome tena, weka ua hata wa matawi ng'ombe asiingie, fyeka nyasi kuzunguka kila mche wa kienyeji unaojitokeza, na kamba kamba zinazopanda juu ya miche zikate. Ongeza miche yako michache, mukumari na musutsu na lusiola kwanza kwa sababu zinavumilia jua, halafu baada ya miaka kama mitatu kivuli kikifunga weka zile za ndani. Mwiritsa ni mmoja wa kutafuta, umekatwa sana kwa ajili ya gome lake linaloenda kutengeneza dawa ya tezi dume, na biashara yake ya kimataifa imewekewa udhibiti tangu 1995. Mbegu zake hazikai, ukipewa za mwaka jana usikubali, okota zilizoiva sasa hivi uzioteshe mara moja. Hapo chini ya kivuli unaweza pia kupanda mukombero, ile mizizi ya kutafuna, wewe mwenyewe unajua soko lake ukifika stendi ya Kakamega jioni. Na mizinga ya nyuki. Maharagwe yako yatafaidika, nyuki wa msituni wanatoka kuja mashambani.

Nusu ya juu endelea kulima, lakini uilime ukijua sasa kwamba udongo wenyewe hauna kitu, kila kitu kiko kwenye kile unachoweka juu. Usichome mabua, yaache yafunike udongo. Yale maua ya njano yaliyo kwenye ua wa kila boma huko kwenu, tithonia, majani yake mabichi yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu nyingi, kata uchanganye na udongo wiki moja hivi kabla ya kupanda, ni kazi na yanahitajika mengi lakini kwa robo eka inawezekana. Samadi pia. Kwa kayongo, panda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za nepia ama brakiaria kuzunguka, huu ni mfumo ulioendelezwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pale Mbita na wakulima wengi wa Magharibi na Nyanza wanautumia. Mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali zinazofanya mbegu ya kayongo iote halafu ishindwe kushika mzizi wa mahindi, inakufa. Tena inaongeza naitrojeni, inafunika udongo, na ng'ombe anaila. Haifanyi maajabu msimu wa kwanza, ipe muda. Ukiwa hutaki kusubiri, pumzisha mahindi hapo kabisa misimu miwili uweke viazi vitamu ama maharagwe peke yake, kayongo haishiki hayo.

Kabla ya kununua chochote, pima udongo. Tembea zigizaga nusu ya juu, chimba sehemu kama kumi na tano, kila mahali kina cha sentimita 20, changanya kwa ndoo safi isiyokuwa na fatilaiza, chukua kama nusu kilo upeleke kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Kakamega ama umpe afisa wa kilimo wa wadi akusaidie. Usichukue mahali mlichomea rundo la matawi, hapo jivu litadanganya majibu. Kama asidi ni kali, yaani pH iko chini ya 5.5, watakuambia kiasi cha chokaa ya shamba, nayo inawekwa wiki kadhaa kabla ya kupanda. Ikiwa haihitajiki, pesa yako imepona.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyasema kutoka huku mbali, lazima mtu aje asimame hapo. Kama mahindi yana michirizi ya manjano na yanakauka kuanzia katikati, hiyo si njaa, inaweza kuwa ule ugonjwa wa virusi ulioonekana nchini mara ya kwanza huko Bomet 2011, mwite afisa wa kilimo haraka usitoe mbegu humo. Kama mteremko ni mkali na unaona mifereji imeanza kuchimbika, unahitaji mtu wa kupima makinga maji. Kama mpaka wako na msitu wa serikali hauko wazi, nenda kituo cha KFS, huduma ya misitu ya serikali, hapo Isecheno kabla ya kushika panga tena, na ukiwa hapo waulize kuhusu chama cha jamii cha msitu, wana nasari za miche ya kienyeji na watu wanaoijua miti kwa majina ya nyumbani. Na chemchemi ikianza kutoa maji yenye rangi ama harufu, acha kuyanywa mpaka afisa wa afya ya umma ayaone. Matokeo ya udongo yakitoka nitumie namba ya pH na ya fosforasi, pamoja na picha ya kipande ukiwa umesimama chemchemi ukiangalia juu, nitakuambia ningeanzia mstari gani.